Ndege ya Wenye Kifaduro

Baba aliuza baiskeli.
Hivyo ndivyo Sjoerd alivyopanda ndege,
majira yale ya baridi, Friesland,
mifereji imeganda hadi chini ya madaraja,
na kaka yangu, mwenye miaka sita,
hajamaliza usiku mmoja wa usingizi
tangu sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi.

Umewahi kukisikia kifaduro?
Si kikohozi cha kukohoa ukanyamaza.
Kinapiga, kinapiga, kinapiga, kinapiga,
hakikupi upenyo wa kuvuta hata pumzi ya sisimizi.
Uso unakuwa mwekundu, kisha wa zambarau,
macho yanatoka kama yanatafuta mlango,
halafu hewa inarudi kwa vishindo
na koo linalia: huuup!
lango la chuma lisilojua mafuta.
Kisha anatapika uji.
Kisha anaomba uji.

Daktari Wiarda akasema: mpandisheni juu,
mita elfu tatu na mia tano, saa nzima,
huko hewa ni nyepesi, ugonjwa hushindwa kukaa.
Aliyasema huku akifunga mkoba,
bila kututazama.

Watoto wanane ndani ya ndege,
kila mmoja na mama yake na mfuko wa karatasi.
Sjoerd alirudi na pipi ya mnanaa mfukoni
na habari: kanisa letu
ni dogo kuliko kifungo cha koti lake.
Siku tatu hakukohoa. Mama akaoka keki.
Siku ya nne, huuup,
lango lile lile.

Na sisi sote tukakimbilia langoni.
Nani angetazama kitanda cha bembea?

Baukje alikuwa na wiki tano.
Hakukohoa.
Mtoto mchanga hana nguvu za kupiga kelele hizo:
ananyamaza tu.
Midomo inaingia rangi ya wino,
anasahau kupumua, anakumbuka,
anasahau.
Usiku wa Jumanne alisahau
na sote tulikuwa ghorofani, tumemshikia Sjoerd beseni.

Walisema ni Sjoerd aliyemwambukiza.
Hawakusema kwa sauti; walisema kwa kumpa
kiti cha mwisho mezani.
Hadi anazeeka, hakuwahi kupakata mtoto wa mtu.
Ukimpa, anaficha mikono mgongoni.

Lakini Sjoerd alifungiwa chumba cha juu.
Mwenye mafua nilikuwa mimi, Tjitske,
miaka kumi na mmoja, pua inachuruzika,
na kikohozi kidogo cha jioni
ambacho hakikustahili hata kijiko cha asali.
Mimi ndiye niliyembeba. Mimi ndiye niliyembusu.

Wiki ya kwanza kifaduro huazima nguo za mafua,
na ndipo kinapotembea sana, nyumba kwa nyumba,
kabla hakijapata sauti yake.
Nilisoma hayo kwenye karatasi ya zahanati
nikiwa na miaka sitini na minane,
nimesimama kwenye foleni ya dawa ya presha.
Nikatafuta pa kukaa.
Sjoerd alikuwa ameshazikwa miaka miwili.

Sasa Jildou, mjukuu wangu, ana mimba ya miezi minane.
Yeye kachanjwa mwezi uliopita,
ili mtoto azaliwe na akiba ya mama damuni,
ya kumvusha hadi siku ya sindano yake mwenyewe.
Najua kinga hiyo huchakaa,
yangu, ya yule niliyeugua, ilichakaa zamani.
Basi nimekuja na gongo langu, kwenye mvua,
nimelipa, nimekunja mkono wa sweta.

Sindano ilikuwa fupi kuliko kikohozi kimoja.
Nesi, kijana mwenye hereni puani, akaandika kadi.
“Unasafiri, bibi?”
Nikamwambia ndiyo.
“Wapi?”
Leeuwarden, nikasema, nyumba ya pili kutoka darajani,
chumba cha nyuma,
kwenye kitanda kisicho na mtu bado.