Skrubu Iliyobaki

Fundi Chipanha wa Sabasaba aliitikisa mara moja sikioni,
kama mtu anayepima yai viza,
akasema: elfu arobaini na tano, na siahidi.
Nikamwambia, nirudishie.
Kwa hela hiyo mimi hushona sare tisa, na vifungo juu yake,
na bisibisi ninazo mbili, za cherehani.

Basi usiku huu, Nkuhungu, upepo wa Julai ukigonga bati
kama mdai,
nimeilaza gemu ya Nyemo kwenye meza yangu ya kazi,
kifudifudi, kama mtoto wa kuchuliwa mgongo.
Kona nne, skrubu tatu.
Tundu la nne lipo wazi tangu tumjue mwenye kuileta.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu imekwisha kichwa,
naiwekea kipande cha tyubu ya baiskeli, naibembeleza,
inakubali.
Kila moja na kizibo chake cha soda, nisisahau:
ya mlangoni, ya dirishani, ya upande wa picha ya mama mkwe.

Nyemo ananimulikia kwa simu. Ana miaka kumi na mmoja
na uso wa mtu aliyesindikiza mgonjwa hospitali.
"Mama, ukiiharibu je?"
Imeshaharibika, mwanangu. Ndiyo maana mkono hautetemeki.

Kifuniko kinaachia. Na ndani,
ah,
ndani kuna Dodoma.

Vumbi jekundu, laini kama unga wa uwele uliochekechwa mara mbili,
limejishona kwenye mapezi ya feni
mpaka limekuwa kitambaa. Nakijua kitambaa nikikiona.
Nalivuta kwa kibanio, linatoka zima,
kofia ya mtu mdogo sana.
Miaka mitatu ya dirisha lisilofunga.
Ile barabara ya lami ya ahadi.
Matofali ya jirani aliyejenga, akahamia, asitualike.
Sisimizi wakavu wanane, mstari mmoja,
sijui walitumwa wapi.
Na sarafu ya hamsini.
"Hiyo yangu," anasema Nyemo, na uso unamrudia.

Kisha naona utepe mweusi.
Waya mwekundu wa feni ulikatika zamani, ukaungwa,
ukaviringishwa kutoka kulia kwenda kushoto,
kinyume na watu wote,
ncha ikakatwa kwa meno.
Mpya kabisa, alisema baba yake, kabla ya Geita.
Mpya kabisa, toka kwenye boksi.
Kumbe aliifungua kabla yangu,
usiku, pengine, sisi tumelala,
na yeye pia akabakiwa na skrubu moja asijue ya wapi.

Simwambii Nyemo. Namwambia, sogeza mwanga.

Ule muungo umelegea. Sina chuma cha kulehemu;
nina msumari wa inchi nne na jiko lenye mkaa uliobaki na chakula.
Tone moja la risasi, moshi mmoja, kidole kimoja kinywani.
Utepe wake sikuutupa. Nimeuzungusha tena,
kwa upande wake.

Kati ya bati na ile chipu, dawa imekauka kama ugali wa juzi.
Nafuta kwa spiriti, napaka dawa ya meno,
kiasi cha punje ya mtama.
Wanasema inafaa kwa muda tu.
Haya. Nyumba hii nzima imesimama kwa muda tu,
na mwaka wa saba sasa.

Nafunga. Vizibo vinaisha, mkono bado una kitu:
skrubu fupi, nyeusi, ya ndani huko, isiyo na kwao.
Nailinganisha na tundu lile la nne.
Haikai.
Naitia kwenye kopo la vifungo.

Nyemo anabonyeza.
Kimya. Kimya cha kutosha mtu kuhesabu elfu arobaini na tano.
Halafu feni inaguna, inakohoa, inaanza kuzunguka,
na taa ya kijani inampiga mwanangu kidevuni,
kidevu ambacho si changu.

"Mama! Mama!"
Cheza haraka, nasema, nikivuta sare ya mtu.
Luku ina yuniti mbili.