Kulabu ya Arobaini na Mbili

Watu huona ngozi, huona soli,
huona rangi. Hakuna aingiaye dukani
akauliza habari za tundu.
Mimi kazi yangu ni tundu,
na kulabu iliyo juu ya tundu,
na lile jino dogo kwenye kifundo cha mguu,
pale mwili wenyewe ulipojipiga fundo,
jino linaloing'ata kamba bila kuitafuna.

Hapa Montebelluna kila ukoo una kiatu chake.
Sisi akina Piovesan tulishona vya wakata miti,
kisha vya wapanda milima. Baba alipofariki
kaka yangu Ottone akachukua mashine,
mimi nikachukua droo.

Ndani ya droo: kulabu arobaini na moja, zote zimenishinda.
Ya tatu ilikata kamba kama panya.
Ya tisa iliingia barafu, ikagoma.
Ya kumi na saba ilikuwa nzuri mno kuitazama,
nayo ilinasa kitanzi cha kiatu cha pili,
Gelindo akaanguka kifudifudi mbele ya kanisa
na mtaa mzima ukasikia jina langu.

Gelindo Zanatta ndiye mjaribu wetu.
Nampa viatu Jumatatu, anavirudisha Ijumaa
vikinuka jibini na moshi,
na ripoti yake haizidi maneno mawili:
"Vinabana." "Vimelegea." "Muulize mbuzi."

Ottone yeye ametengeneza kitufe cha kuzungusha:
waya mwembamba, kri-kri-kri, mguu umefungika,
hakuna kuinama. Wateja wanapenda kutoinama.
Nilimwambia mbele ya mama: waya haufungi, unanyonga.
Tangu siku hiyo kuna fundo baina yetu
ambalo hakuna aliyelichora,
na Krismasi chumvi hupita kwa mkono wa mama.

Basi, ya arobaini na mbili.
Chuma cha pua, unene milimita moja na robo,
mdomo umeinamishwa ndani nyuzi kumi na moja
kama mtu anayesikiliza.
Vuta kamba, inakaa. Achia, inakaa.
Niliining'iniza na ndoo ya maji, ikakaa usiku kucha.
Asubuhi Gelindo akafunga viatu,
akafunga safari ya Monte Grappa.

Februari, theluji mbovu.
Waliomteremsha ni vijana wa uokoaji,
vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu,
mguu unavimba, kiatu hakivimbi.
Dakika ishirini walihangaika na kulabu yangu.
Mwishowe, kisu.

Nilimkuta hospitali ya Treviso,
plasta hadi gotini. Chini ya kitanda kiatu
kimepasuliwa kama samaki,
na pale juu, kwenye kifundo,
kipande cha kamba, urefu wa kidole,
bado kimeng'atwa.
Gelindo akakitazama, akanitazama.
"Ilishika," akasema.
Alidhani ananisifu.

Usiku ule sikuchora. Nilivaa glavu za bustani,
nikazima taa ya karakana, nikafunga, nikafungua,
nikafunga, nikashindwa kufungua,
nikamsikia yule kijana akiomba kisu.
Kati ya funga na fungua pana herufi moja tu.
Nimeiruka miaka ishirini.

Saa nane nikampigia Ottone.
Hakuitika kwa salamu. Nyuma ya pumzi yake
kitu kilikuwa kinazungushwa, kri-kri-kri;
kumbe naye halali.
Nikamuuliza: chako, mtu akivunjika, kinaachiaje?
Kri-kri ikanyamaza.
"Unakivuta juu," akasema. "Waya wote unalegea.
Hata kwa meno."

Nikaiwasha taa.
Droo ilikuwa wazi, zote arobaini na moja zinameta.
"Njoo nacho," nikamwambia. "Na koleo ya baba,
ile uliyosema imepotea."