Bado Inashughulikiwa

Duluth, Machi, theluji ingali kiunoni mwa uzio.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaliwasha basi la shule,
Lorna Haapala anafungua simu na kuiuliza serikali:
ziko wapi dola zangu elfu moja mia nane sabini na mbili?

Kwanza namba. Kisha kiasi, kamili, bila senti.
Kisha hali: peke yako, au pamoja na mwenzi?

Pamoja, anabonyeza.
Arvid alizikwa Oktoba,
lakini sheria humhesabu mume hadi mwaka uishe;
ndivyo alivyoambiwa na binti wa maktaba
aliyemjazia fomu bure, kalamu sikioni.

Jibu: Imepokelewa. Bado inashughulikiwa.
Wiki ya tatu hivyo. Ya saba hivyo.
Tanuri la chini ya nyumba linakohoa,
fundi anataka nusu mkononi.
Ya tisa, barua: tuthibitishie kwamba wewe ni wewe.
Akacheka peke yake jikoni.
Nani mwingine angekubali kuwa mimi?
Akathibitisha.

Dada yake humkanya: acha kuchungulia kila saa,
habari hubadilika mara moja tu, usiku.
Anajua. Subira huvuta heri,
na heri hii ina foleni.

Ila hili hajamwambia mtu:
hundi ikishafika, mwakani atabonyeza lile jingine.
Basi anaandika namba taratibu,
anafika kwenye swali,
na kidole kinakawia kidogo
juu ya neno pamoja.