Upande wa Kushoto Umekufa

Jumapili, Kibuye, umande bado uko kwenye maturubai,
nina elfu mbili na mia tatu ndani ya soksi.
Sitafuti kitenge. Sitafuti sufuria.
Natafuta kisanduku cha kuamsha mnong'ono,
maana sindano ya santuri husema kwa sauti ya siafu
na spika zangu ni viziwi wenye cheo,
hazigeuki mpaka mtu azitangulie kubisha hodi.
Mafundi hukiita priampu.
Mama hukiita "hilo deni lako."

Nimeuliza kote. Madukani vipo vipya,
bei ni karo ya Vihenda, muhula mzima na sare.
Kondele, Fundi Jagero alinifungulia kimoja:
ndani majani makavu, ganda la yai.
Kuku alikuwa ameatamia palipokaa transfoma.
Ahero, mwalimu wa kwaya aliyestaafu
alinionyesha chake cha vali, taa zikiwaka rangi ya uji wa wimbi,
akanitajia bei, akanitazama viatu,
akaniongezea chai.

Basi Owaga. Turubai lake lina pasi za makaa,
mita za umeme, mguu mmoja wa cherehani,
na chini ya mguu huo, uso wa alumini,
vifundo vitatu na tundu la cha nne,
ubavuni mtu amekwaruza kwa msumari: KLABU. USIGUSE.
Nikagusa.

"Elfu sita. Mjapani halisi."
Nikacheka kile kicheko cha sokoni, kisichoonyesha meno.
Tukakichomeka kwa jirani muuza nyaya.
Kulia kukavuma.
Kushoto kimya, kimya cha kisima kilichofukiwa.
Owaga akajikuna shingo. Elfu nne.
Nikatikisa kichwa kama daktari. Tatu.
"Miwani ya kioo kimoja, nani atanunua?"
Nikaondoka. Kuondoka ni hatua saba,
ya nane hairudiki.
Aliniita kwenye ya sita.
Elfu moja na mia tisa, pamoja na waya.

Sikumwambia
kwamba santuri za baba ni za siku zile
muziki ulipokuwa na mlango mmoja,
kulia na kushoto wakisema neno lile lile;
kwamba nusu ya kisanduku chake
kwangu ni kizima.

Usiku nikasafisha vifundo kwa spiriti na mswaki wa zamani.
Kikanguruma. Ng'uuu, kama friji yenye kinyongo.
Nikafunga waya wa ardhini kwenye chuma cha dirisha.
Kikanyamaza.

Katikati ya santuri kuna karatasi nyekundu:
jina la mwimbaji, jina la mpiga gitaa.
Kisia hayumo. Baba alipiga chupa,
chupa ya Fanta, kwa kipande cha spoku ya baiskeli,
na miaka yote pale Mbale alituamuru, "Nisikilizeni hapo!"
Redio ya betri ikitupa gitaa, ikitupa sauti,
na mahali pa chupa ikitupa mchanga.
Tulitikisa vichwa. Ndiyo baba, tunakusikia.
Uongo wa kwanza wa nyumba yetu ulikuwa huo,
na tuliusema kwa pamoja, kama sala ya chakula.

Nikashusha sindano.
Tiki. Tiki-ti. Tiki.
Mkavu, karibu, uko hapa kwenye meza
kati ya kibiriti na kikombe cha Mama.
Mama akaacha kuchambua dengu.

Ubeti wa tatu anakosea.
Chupa inachelewa, inaruka pigo, inakimbilia gitaa
kama mtoto aliyesimama kufunga kamba ya kiatu.
Hakuwahi kutuambia hilo.
Nimerudisha sindano papo hapo mara nne
na Mama hajasema neno kuhusu deni.

Nimebaki na mia nne.
Jumapili nitampelekea Owaga mia mbili.
Nitasema ni za waya.