Herufi Moja

Isevya hadi bomani ni mwendo wa kandambili;
nimeuhesabu mara kumi na nne tangu masika.
Baba, Kashindye, alishika bendera ya kijani stesheni ya Usoke,
akafa, mafao yake yakiwa njiani.
Miaka kumi na tisa serikali imemtunzia,
kama jirani aliyesahau kurudisha kinu.

"Hapa tuna Rugendo," karani akasema,
"wewe umeandika Lugendo."
Kaka, huku kwetu ulimi haubagui!
Safari ni ileile,
na treni haikuwahi kuuliza.

Nikale kiapo kwa wakili: elfu ishirini.
Cheti cha kifo, nakala, muhuri.
Barua ya mtendaji wa kata, naye yuko semina.
Njoo Jumatatu.
Njoo.

Leo jalada limefunguka, karani kapiga chafya.
Laki moja na elfu sabini na mbili.
Nitie sahihi hapa, na hapa.
Ndipo nikauona, chini ya fomu, kwa wino uliopauka,
mkono wa baba:
R kubwa, inajikongoja, mguu mmoja mbele
kama anayepanda behewa,
R ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani
kwa mwalimu Muha, aliyeita safari urugendo.

Kumbe aliandika mwenyewe.
Nami nimeapa mbele ya wakili kwamba walikosea.

Nikaiomba ile karatasi.
"Fedha ni zako," karani akasema, akikaza kamba,
"jalada ni la serikali."