Alhamisi ya Kumi na Moja

Alhamisi kumi amekuja, hajakosa hata moja.
Baiskeli anaiegemeza ukutani, anahakiki kufuli mara mbili,
anavua kofia, anakaa pale pale, kiti cha karibu na mlango.
"Habari za wiki, Bwana Shehoza?"
"Hamna jipya."

Watu wa Tanga husema waja leo, waondoka leo.
Huyu kila leo yake ni ile ile.

Hadithi yake naijua kama njia za Makorora umeme ukikatika:
shamba la mkonge, yeye karani wa mizani,
marobota yanapita, yeye anaandika,
mdogo wake Hoza kamletea chakula,
kisha kaenda kuchota maji kisimani.
"Nikamwita. Hakuitika."
Hapo hunyamaza. Hapo muda wetu huisha.
Miaka ishirini na sita, na maneno hayajapungua hata kilo.

Nimejaribu, Mungu shahidi.
Nilimfundisha kupumua: akapumua, kwa adabu,
kama kijana anayepimwa kifua jeshini.
Nikampa karatasi ya nyuso, iliyonuna, iliyocheka, iliyolia;
akachagua ya katikati, akairudisha bila kuikunja.
Nikamwambia amwandikie Hoza barua.
Akaleta: tarehe, salamu, sahihi.

Usiku nikampigia Nakijwa, aliyenifundisha kazi hii.
Nikasema, mtu wangu amekwama.
Kule Same simu ikakoroma, kisha akauliza:
"Yeye peke yake?"
Nikakata, nikasingizia mtandao.
Nikalala na lile swali kama mchanga ndani ya shuka.

Maana kweli nilikuwa nimeanza kumwogopa.
Alhamisi asubuhi nilikuwa naomba mvua,
mvua ya kumzuia mwenye baiskeli.
Mdomo ukimwambia "usiwe na haraka",
mguu wangu chini ya meza ulikuwa mbioni.

Ya kumi na moja. Mvua haikunyesha.
Nikaweka kalamu, nikasema, na sauti ikanisaliti kidogo:
"Bwana Shehoza, naona hapa pamekwama.
Sisemi wewe. Nasema hapa, baina yetu,
na huenda mkono wangu umo.
Kuna ninachofanya kinachokufungia njia?"

Akaizungusha kofia magotini, ukingo kwa ukingo.
Mashine ya kusaga ya jirani ikazimwa,
ukimya ukawa mkubwa kuliko chumba.
Nilitamani kuujaza. Nikaumeza.

"Wewe," akasema, "nikifika kisimani,
hutazama saa."

Uso ukaniwaka. Nilitaka kujitetea:
saa iko juu ya kichwa chako,
na kuna mteja wa saa tano.
Nikasema: "Kweli. Hutazama. Nisamehe."
Nikainuka, nikaitoa msumarini, nikailaza kifudifudi kabatini,
ikaendelea kutafuna huko kama mende.

Akacheka. Meno yake sikuwahi kuyaona.
Kisha kicheko kikakatika,
akasema kama mtu anayesoma namba ndogo kwenye mizani:

"Sikumwita.
Husema nilimwita. Sikumwita.
Nilisikia ndoo. Robota lilikuwa juu ya mzani.
Nikasema, nimalizie hili."

Sikuandika.
Sikumwambia si kosa lako; neno hilo kashapewa na mtaa mzima
na halikumfaa kitu.
Nikauliza tu: "Ndoo ilikuwa ya rangi gani?"
"Kijani. Mpini tuliufunga kamba ya katani.
Niliifunga mimi."
Na akalia, vibaya, kwa kifua,
kama mtu anayejifunza kazi mpya uzeeni.

Sisemi amepona.
Alhamisi ya kumi na mbili akasema tena "hamna jipya",
nikamwamini nusu.
Saa bado iko kabatini.
Mteja wa saa tano amelalamika.