Vichwa vya Misumari

Slaidi ya tisa, trei ya pili, Ijumaa.
Nje, upepo wa Punta Arenas unagonga bati
kama mdai asiyeona haya.
Chai yangu ya mate imepoa
(msicheke, ndivyo inavyoitwa huku).

Naanza juu, kushoto, nashuka taratibu,
napanda tena, kama mtu anayepalilia matuta.
Seli za kila siku zimejilaza,
pana, za samawati, za waridi,
viini vyake punje za ufuta juu ya mkate.
Maelfu nimezisoma. Nyingi hazina neno.

Kisha kishada.
Mkono unaacha kuzungusha.
Matumbo ya seli meupe, matupu,
kana kwamba mtu amefuta maandishi,
na viini vimesukumwa ukingoni, vimetokeza
kama vichwa vya misumari
kwenye soli ya buti la mnyoa kondoo.

Kwa miaka ishirini na mitatu
nimeyaona haya mara mbili.
Mara ya kwanza niliandika: uvimbe mdogo, arudi baada ya mwaka.
Nikaenda nyumbani, nikapika dengu.
Jina lake silitaji. Nalijua.

Nabadili lenzi. Naondoka,
nanawa mikono isiyo na uchafu,
narudi.
Misumari ipo.

Dokta Yutronic anainamia hadubini, miwani juu ya paji,
kimya chake kirefu kama foleni ya pensheni.
“Si ile tuliyoizoea, Nélida.”
“Si ile.”
“Seli angavu, labda. Ila seli za kukwanguliwa
hazina ukuta wala jirani, zinanong’ona tu.
Aitwe. Akatwe kinyama, tuone nyumba nzima.”

Hapo ndipo naigeuza fomu.
Eduvina Oyarzo, miaka thelathini na moja, Porvenir.
Malalamiko: hakuna.
Pembeni, kwa penseli, mkunga ameandika:
*Alikuja kumsindikiza dada yake.*

Kivuko hakivuki leo, upepo umekataa.
Simu ya zahanati inalia, inalia,
nami nimeinua slaidi mwangani:
kwa jicho tupu ni doa,
ni chozi la samawati lililokauka,
hata kidole cha mtoto kingelifuta.

“Haloo?” Ni mkunga, anatafuna kitu.
Nataja jina, herufi kwa herufi.
Kutafuna kunakoma.